Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: joto na umeme katika nyumba zetu za Tandale

Ndugu wanachama, asalamu aleikumu. Bwana Yesu asifiwe.

Mwaka huu kamati ilielekeza nguvu karibu zote kwenye joto. Kazi ya taka na mitaro inaendelea kama tulivyokubaliana, sitaichambua hapa. Mnazijua nyakati za kaskazi, Desemba hadi Machi: mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32 na kuzidi, na usiku haishuki sana chini ya 25. Chumba cha bati lisilo na dari, kimebanana ukuta kwa ukuta na cha jirani, kinakuwa kibaya kuliko hapo. Wanaoteseka zaidi ni watoto wachanga, wajawazito na wazee wetu.

Tumezoea kulilaumu jua peke yake. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la karibu wati 100, kwa hiyo watu watano chumbani ni kama balbu tano kubwa za zamani zinazowaka. Umeme nao, upite kwenye televisheni au kwenye taa, mwisho wake ni joto humo humo ndani.

Katika nyumba moja, friza ya kuuzia barafu ilikaa koridoni, mgongo umeegemea ukuta wa chumba cha mama aliyetoka kujifungua. Friza hulitupa nje joto lote inalolitoa kwenye maji, pamoja na la mota yake. Usiku wa manane ukuta ule ukiugusa kwa ndani ulikuwa wa moto, na kitanda cha mtoto kipo pale pale. Wapangaji walikaa wakaelewana: friza ikahamia barazani kivulini, ikaachiwa nafasi ya kupumua nyuma. Chumba kikapoa, na mwenye friza anasema uniti za umeme zinamkalia zaidi. Hakuna aliyenunua kitu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora ya chama mwaka huu.

Kuhusu mapaa, msimamo wa kamati ni rangi nyeupe kwanza, feni baadaye. Feni husukuma hewa tu, haiipoozi. Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijaingia. Ahmedabad, India, baada ya joto kali la mwaka 2010, kupaka mapaa ya vitongoji vya watu wa kipato kidogo kuliingizwa katika mipango ya jiji. Chokaa ni rahisi, ila masika huiosha. Bati lenye kutu lisuguliwe kwanza, la sivyo rangi itabanduka.

LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ndiyo iliyoleta ugomvi mwingi. Mteja mdogo wa nyumbani, daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na makato, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti inayozidi ni 350. Unafuu huo huhesabiwa kwa mita, si kwa familia. Vyumba sita vikichangia mita moja, vyote vinavuka, na bibi mwenye taa moja na redio analipa bei ya wenye friza na pasi. Naona huo ni uonevu. Tunawaomba wenye nyumba waruhusu mita zaidi, na pale isipowezekana, wapangaji wafunge mita ndogo za kusomea matumizi ya kila chumba.

Majiko ya mkaa tafadhali yatoke koridoni. Ukiacha joto, moshi wake unaua, hasa milango ikifungwa usiku kwa kuogopa wezi.

Kamati inaomba maamuzi mawili leo: mchango wa rangi, tuanze na nyumba zenye wachanga na wazee, na fundi umeme mwenye leseni akague nyaya za kila nyumba kabla ya Desemba. Mweka hazina atasoma hesabu, kisha tupige kura.