Tusiwaite wajinga wanaoogopa chanjo ya ng'ombe

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika majuzi kwamba wanaopinga chanjo ya mifugo ni watu ambao hawakusoma, na kwamba wakielimishwa wataachana na uvumi kwamba sindano hiyo ni njama ya Bill Gates ya kuzuia ng'ombe wasitoe gesi. Mimi nina bucha soko la Burma. Wateja wangu wanaoung'ang'ania uvumi huo kuliko wote ndio walionipita masomo mbali. Mmoja ni mhasibu. Huja Jumamosi kuchukua kilo mbili za mbavu, na nikimkatia hunieleza jinsi Bill Gates anavyotaka ng'ombe wetu waache kupiga mbweu.

Tukumbuke uvumi wenyewe ulivyozaliwa. Mwishoni mwa 2024 serikali ilisema itachanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka yao, ugonjwa wa virusi unaowaua. Siku zizo hizo, huko Uingereza, kampuni ya maziwa ya Arla ilitangaza kuwa inajaribu Bovaer, kitu kinachochanganywa kwenye lishe ili ng'ombe apunguze gesi ya methani, ile anayoitoa akipiga mbweu na inayoongeza joto duniani. Watu wakajirekodi wakimwaga maziwa. Gates wala hahusiki na Bovaer. Pesa zake aliziweka kwa Rumin8, kampuni nyingine ya Australia yenye lengo kama hilo. Lakini habari ilipofika kwenye simu zetu, lishe ya Mzungu na sindano ya Mkenya zilikuwa zimeshakuwa kitu kimoja. Angalia kwamba vipande vingi ni vya kweli: methani ipo, utafiti upo, pesa za Gates katika mambo ya mifugo zipo. Kilichobuniwa ni uzi wa kuviunganisha.

Nilimwambia mhasibu kwamba chanjo ya miguu na midomo inatengenezwa hapa hapa Embakasi, na KEVEVAPI, ambayo ni taasisi ya serikali. Akajibu, "Mzee wangu, kwa nini unafikiri walichagua karibu na uwanja wa ndege?" Nikamwambia habari za Muguga, hapo nje kidogo ya Nairobi, ambako Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka ya ng'ombe, ugonjwa uliokuwa ukifagia maboma mazima, hadi mwaka 2011 ikatangazwa kwamba umetokomezwa duniani kote. "Hiyo ilikuwa zamani," akasema, "kabla hawajaharibika." Kila shahidi niliyemleta alihamia upande wake.

Simlaumu kwa kuishuku serikali. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alipopatikana Februari 1990 amepigwa risasi kichwani na mwili umechomwa, tulianza kwa kuambiwa huenda alijiua. Wazee wa Mau Mau walisimulia mateso yao kwa miaka mingi wakionekana kama wanatia chumvi, mpaka mwaka 2011 Uingereza ikakiri kuwa ilikuwa imeficha mafaili ya ukoloni katika jengo lake la Hanslope Park. Miaka miwili baadaye ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 5,000. Na tukitaka mfano wa chanjo yenyewe, majasusi wa Marekani, CIA, waliendesha kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini kule Abbottabad, Pakistan, wakimsaka Osama bin Laden. Aliyeyaona haya akatilia shaka tangazo la serikali, huyo ana kumbukumbu tu.

Ninapogombana na mhasibu ni kwamba shaka yake ina upande mmoja. Waziri akisema, anadai stakabadhi. Sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejitaja jina ikiingia, anaimeza bila maji. Ilhali njama za kweli tulizozigundua nchini zilikuwa na karatasi. Goldenberg, ile kashfa ya kuiba pesa za umma, haikufichuliwa na mtu aliyehisi tu kwamba kuna jambo. Kulikuwa na David Munyakei, karani wa Benki Kuu, aliyeona malipo yasiyoeleweka, akatoa nyaraka, akakamatwa na kupoteza kazi. Mhasibu, kati ya watu wote, anajua tofauti ya vocha na porojo.

Lakini pia yeye ni mzee wa kanisa, na ujumbe ule aliusambaza kwenye kundi la familia na la chama chake cha akiba. Kurudi nyuma leo ni kuwaambia shemeji zake kwamba aliwadanganya. Mwanasaikolojia Leon Festinger wa Marekani alifuatilia kikundi kilichosubiri gharika Desemba 21, 1954. Gharika haikuja, na baadhi yao wakazidi kuhubiri. Waliokuwa wametoa zaidi, kazi na mali, ndio walioshindwa zaidi kuachia. Ukimwita mtu wa namna hiyo mjinga mbele ya watu, umemfungia mlango aliokuwa akiutafuta.

Jambo moja linanichekesha. Nyama inafika kwangu na muhuri wa wino wa mkaguzi, na sikumbuki mteja aliyewahi kuutazama. Wanatazama uso wangu. Nikisema huyu ni ndama, ni ndama. Watu hatuna muda wa kuchunguza kila kitu. Tunachagua wa kumwamini, kisha ushahidi wake unaingia wenyewe.

Kilichomtikisa mhasibu hakikuwa hoja yangu. Ndugu yake Kajiado aliingiliwa zizini na dalili za miguu na midomo: ng'ombe wanadondosha ute, hawali, wanachechemea, maziwa yamekauka. Jumamosi iliyofuata hakumtaja Gates. Aliniuliza tu kama namjua daktari wa mifugo "mwaminifu" upande wa Isinya. Nikampa namba, nikarudi kwenye mbavu.

Ombi langu ni dogo. Tuma mwandishi Embakasi aonyeshe chanjo inavyotengenezwa na nani anaikagua. Na msifiche yasiyopendeza: kinga yake ni ya miezi michache, sindano hurudiwa, na kirusi kina aina kadhaa, kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuugua kwa aina ambayo chanjo haikuilenga. Msipolisema nyinyi, ng'ombe wa kwanza kuugua atakuwa ushahidi kwenye simu ya mtu. Mkimpata daktari wa kujibu, mpeni ukurasa mzima, na mumuulize pia ng'ombe akiharibu mimba baada ya sindano nani atamlipa mfugaji. Wanaoniletea ng'ombe huniuliza hilo mara nyingi kuliko habari za Gates, na mimi sina jibu la kuwapa.

Mwenye bucha,
Soko la Burma, Nairobi