Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo cha wakulima,

Vikao vya kila mwezi tumekaa, rambirambi tumetoa, hesabu zimekaguliwa. Hayo mnayajua. Wanachama 212, akiba milioni 186, mikopo iliyo nje milioni 143, faini milioni 1.3. Anayetaka undani amwone mhazini.

Nije kwenye lililotugawa: kushusha kikomo cha mkopo wa mwanachama kutoka mara tatu ya akiba yake hadi mara mbili. Nimeitwa mchoyo, hata pale stendi ya Uyole, Mbeya. Naomba nisikilizwe.

Januari Benki Kuu ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu (riba inayoongoza gharama ya mikopo ya mabenki), ikaiweka asilimia 5.5, Aprili ikaipandisha hadi 6. Dola ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, shilingi inashuka, na mbolea yetu inatoka nje. Benki tunayokopa haikukawia kutuuliza habari za marejesho. Kwao mkopo ukipita siku 90 haujalipwa ni chechefu, na Benki Kuu inataka chechefu zisizidi asilimia 5 ya mikopo yote.

Nilikaa na mafaili hadi usiku (posho sijadai). Nikamkuta mkopaji wa viazi wa Umalila. Wadhamini wake watatu nao ni wa viazi, na wote wanne wanauza lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kiasi) kwa dalali mmoja wa soko la Mwanjelwa. Bei ikianguka, wanaanguka wiki hiyohiyo. Nimfuate nani? Shamba la dhamana nalo halipati mnunuzi, maana jirani naye hana hela. Hapo hakuna mkorofi, ni hali ya uchumi. Benki kubwa ina mtumishi wa Dodoma na mwenye duka wa Mwanza. Sisi sote tunanyeshewa na mvua moja.

Mkutano wa Mei uliitishwa kulijadili hili. Tulisubiri tangu saa tatu asubuhi. Saa saba mchana tulikuwa 58 tu kati ya 212. Bodi ikaamua kushusha, kwa mamlaka iliyopewa. Wanaolalamika leo kwa sauti kubwa, wengi wao siku hiyo sikuwaona, na 31 kati yetu hawajalipa ada tangu mwaka jana. Majina ninayo, sitayasoma.

Mwakani, Mungu akipenda na bei zikitengemaa, tutaangalia kurudi mara tatu. Tunafikiria pia mfuko wa tahadhari, na kukaribisha wanachama wasio wakulima.

Mhazini atapokea ada pale mlangoni, kabla ya chakula.

Mwenyekiti