Barua ya wazi kwa Waziri wa Rasilimali za Maji na Umwagiliaji wa Kazakistani: maji yapo, kalenda ndiyo mbovu

Mheshimiwa Waziri,

Mito ya nchi yako ikitajwa, swali huwa lile lile: maji yatatosha? Ni swali la haki. Nchi yenye kilomita za mraba milioni 2.7 za nyika na jangwa, ambayo karibu asilimia 45 ya maji ya mito yake huanzia kwa majirani, haiwezi kuacha kuhesabu. Lakini katika mabonde yenu makuu manane, hasara tunazoziona zaidi hazitokani na uchache. Zinatokana na maji kufika mwezi usiofaa, na sehemu kubwa ya kosa hilo inaweza kurekebishwa na wizara yako kabla ya kumwomba jirani chochote.

Tuanze na mito ya nyika: Esil, Tobyl, Nura, Torgai, Zhem. Hii hailishwi na barafu ya milimani bali na theluji ya msimu mmoja, na maji yake mengi ya mwaka mzima hupita katika wiki chache za Machi na Aprili. Ikifika Agosti, baadhi yake imebaki madimbwi. Aprili 2024 watu zaidi ya 100,000 walihamishwa. Mji wa Kulsary ulifurikwa na mto Zhem, mji wa Petropavl na mto Esil, na ng'ambo ya mpaka, nchini Urusi, tuta la mji wa Orsk kwenye mto Ural lilikuwa limeshapasuka. Lawama zikaangukia theluji. Ilikuwa nyingi, kweli, ila theluji peke yake haizamishi mji. Udongo ukilowa Oktoba kisha ukaganda, unakuwa mgumu kama sakafu, na maji ya Aprili hayana pa kuzama. Theluji ile ile ikiyeyukia juu ya udongo uliokauka, nyingi yake hunywewa papo hapo.

Kwa hiyo vipimo viwili ndivyo vinavyoamua, na vyote ni vya bei nafuu. Cha kwanza ni unyevu wa udongo mwishoni mwa Oktoba pamoja na kina cha kuganda kwake. Cha pili ni uzito wa theluji, wala si urefu wake. Mpimaji huzamisha bomba la chuma mpaka ardhini, hukata mche wa theluji, huufagia kitako kuondoa udongo, kisha huupima kwenye mizani. Theluji ya sentimita 40 yenye uzito robo ya maji ni milimita 100 za maji, yaani mita za ujazo 100,000 kwa kila kilomita ya mraba. Bonde la kilomita za mraba 10,000 linakuwa limebeba kilomita nzima ya ujazo, na hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ujazo wa bwawa la Astana. Hesabu hii huharibika kipimo kinapochukuliwa penye wepesi, karibu na kituo. Upepo wa nyika hufagia tambarare na kurundika theluji kwenye makorongo na vichaka, kwa hiyo mstari wa kilomita moja au mbili lazima ukatize vyote, ukipimwa kila baada ya hatua chache. Picha za setilaiti zinaonyesha theluji ilikolala. Uzito wake hazijauweza vizuri, hasa theluji inapokuwa imelowa, na Machi ndipo tunapouhitaji.

Hesabu ikishapatikana, inabidi mtu afungue mlango wa bwawa mwezi Februari, na kigugumizi huanzia hapo. Bwawa la Astana na lile la Sergeyevka, ambalo mto hulipitia kabla ya kufika Petropavl, ni mabwawa ya maji ya kunywa. Msimamizi akilipunguza, kisha Aprili ikaja na maji haba, ataulizwa kwa jina kwa nini mji una kiu. Akiliacha limejaa na kijiji cha chini kikazama, watu watasema ni mapenzi ya Mungu. Mtu mwenye akili timamu ataliacha limejaa. Tunaomba uamuzi huo usiwe wake. Wizara itangaze kabla ya Machi mosi ni mita ngapi za ujazo kila bwawa litamwaga na kwa tarehe zipi, kwa saini ya wizara, ili hasara ya kukosea ibebwe na ofisi yenye mabega ya kuibeba.

Mabwawa madogo ya udongo ni hadithi nyingine. Machi 2010 bwawa la Kyzyl-Agash, mali ya mtu binafsi, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Tuta la udongo hufa kwa njia zinazojulikana: maji yakipita juu yake, yakichuruzika kwenye mashimo ya wanyama na mizizi ya miti iliyoachwa kuota, au njia ya kumwagia maji ya ziada ikizibwa na barafu. Milango ijaribiwe Oktoba, ifunguliwe kabisa na kufungwa, maana mlango ulioganda hautafunguka Aprili kwa kubembelezwa. Barafu ikatwe kuzunguka njia ya ziada kabla ya joto la kwanza. Na bwawa ambalo mwenyewe hajulikani, au funguo zake hazijulikani ziko kwa nani, lipasuliwe kwa mpango na mapema.

Sasa mto Syr Darya, ambako kalenda imepinduka kabisa. Toktogul, bwawa la Kirgizistani lenye kilomita za ujazo 19.5 kwenye mto Naryn unaolisha Syr Darya, lilijengwa lihifadhi maji ya msimu wa baridi na kuyatoa wakati wa kumwagilia. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, makaa na gesi ya bei rahisi kutoka kwa majirani vikakatika, na Kirgizistani ikageukia umeme wa maji ili watu wake wapate joto. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini tangu hapo mto hujaa Januari na kupwa Julai. Mkataba wa 1998 wa kubadilishana nishati kwa maji ya kiangazi haukudumu kiutendaji.

Chini ya bwawa la Shardara, lililo kwenye Syr Darya upande wenu, adui wa Januari ni barafu. Mto ukifungwa juu, maji husuguana na paa pamoja na sakafu, hupunguza mwendo na kupanda. Barafu ikishika mto ukiwa mdogo, kisha ninyi mkaongeza maji, maji huiinua na kuivunja, na vipande hurundikana kwenye kona na nguzo za madaraja mpaka mto unatafuta njia mashambani. Dawa yake inajulikana: kabla barafu haijafunga, pandisheni mtiririko hadi kiwango mnachokusudia kuubeba msimu wote, uacheni mto ufungwe ukiwa umejaa, kisha msiuguse. Inayozidi iende Koksaray, bwawa mlilolijenga kwa kazi hiyo hasa, lenye nafasi ya kilomita 3 za ujazo. Hapo awali ziada ilimwagwa bonde la Arnasay, ng'ambo ya mpaka wa Uzbekistani, na haikurudi tena. Koksaray linafaa tu kama linaingia Novemba likiwa tupu, na kila mwaka hutokea kishawishi cha kulibakizia maji. Kumbukeni pia kwamba Syr Darya inaelekea kaskazini-magharibi: juu huyeyuka mapema, upande wa Kazaly, karibu na mwisho wa mto, ukiwa bado umefungwa.

Kiangazi, mpunga wa Kyzylorda hula mita za ujazo 20,000 hadi 25,000 kwa hekta. Watu hudai ufutwe. Sisi tungeanza na kusawazisha majaruba kwa leza, kwani jaruba ambalo upande mmoja umeinuka sentimita 10 hulazimu maji ya ziada ya wastani wa sentimita 5, sawa na mita za ujazo 500 kwa hekta, kila linapojazwa. Tena mpunga hupunguza chumvi ya udongo ule. Kuuondoa bila mpango wa kuondoa chumvi ni kubadilisha tatizo moja kwa lingine.

Kuhusu Aral ya Kaskazini, sehemu ya Bahari ya Aral inayolishwa na Syr Darya, tuta la Kokaral la kilomita 13, lililokamilika 2005, ni kazi ambayo dunia nzima inaitaja kwa heshima. Maji yalifika mita 42 juu ya usawa wa bahari ndani ya miezi michache, chumvi ikashuka, samaki wakarudi. Mpango wa kupandisha hadi mita 44 tunauunga mkono kwa sharti moja. Ziwa lisilotoa maji hulimbikiza chumvi, kwa hiyo mlango wa tuta uendelee kumwaga kiasi kila mwaka, hata wavuvi wakinung'unika. Mkiwa hamna uhakika wa maji ya kutosha ya Syr Darya kwa ajili ya kujaza na kumwaga pia, msipandishe bado.

Mto Irtysh tuuguse kwa kifupi. Umwagaji wa majira ya kuchipua kutoka bwawa la Shulba kwa ajili ya malisho ya Pavlodar una kizingiti: kilele kisipopanda kingo, maji yote hupita ndani ya mto na hakuna nyasi inayolowa. Mwaka wa uhaba ni afadhali siku chache za kilele cha kweli kuliko wiki tatu za nusunusu. Kisha mshushe maji polepole, kwa sababu samaki hutaga kwenye nyasi zilizofurika na mayai yaliyoachwa nchi kavu hayaanguliwi.

Mwisho ni Ili, mto unaotoka China na kuleta sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Balkhash. Msomaji wa Kenya anayelijua Turkana na mto Omo ataelewa mara moja: ziwa lisilo na pa kutokea, linalotegemea mto mmoja wa jirani, hupungua kila mto unapozuiwa. Bwawa la Kapshagai kwenye mto Ili lilipoanza kujazwa 1970, Balkhash ilishuka kwa zaidi ya mita mbili hadi 1987, na huo ulikuwa uamuzi wa upande wenu, si wa China. Jua hunyonya takriban mita moja ya ziwa hilo kila mwaka. Mtambo wa nyuklia wa Ulken, uliopitishwa kwa kura ya maoni Oktoba 2024, utavukiza sehemu ndogo tu ukilinganisha na hiyo, na tunadhani mjadala umeupa uzito usio wake huku Kapshagai ikisahaulika. Umeme wa Kapshagai hufuliwa kwa saa za matumizi makubwa, hivyo mto hupanda na kushuka kila siku kuelekea delta, ambako matete huchuja maji kabla ya ziwa. Tunaomba kanuni ya uendeshaji wa Kapshagai iandikwe upya ikianza na maji ya Balkhash kubaki mita 341 juu ya usawa wa bahari, bila kushuka chini yake, na umeme upangwe ndani ya kinachobaki. Mkataba wa mgao na China utachukua muda. Kwa Kirgizistani kielelezo mnacho: tangu mkataba wa 2000 wa mito Shu na Talas, mnachangia gharama za kutunza mabwawa yaliyo upande wao, na maji huja. Pelekeni pendekezo kama hilo kwa Toktogul, likiwa na kiasi cha umeme mtakachotoa Januari na mita za ujazo mnazotaka Julai, na lichapishwe watu walione.