Kwa nini tumeigusa skripti yako ya usiku

Wiki hii tuliwatumia baadhi yenu ujumbe: tumebadilisha mistari mitatu kwenye skripti ya ripoti (zile amri zinazojiendesha zenyewe usiku), na seva itazimwa na kuwashwa saa 8 usiku. Simu zikaanza kulia. Mbona ilikuwa inafanya kazi?

Ilikuwa inafanya kazi, ni kweli. Ila fikiria daladala ya jioni pale Mwenge. Unaona kiti kitupu kupitia dirishani, unazunguka hadi mlangoni, ukifika mtu kashakaa. Macho yako hayakudanganya, umechelewa tu.

Skripti yako nayo ilikuwa hivyo. Inauliza kwanza: je, faili la /tmp/ripoti.txt lipo? Ikiambiwa halipo, inaandika, tena kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Kati ya swali na kuandika kuna upenyo mdogo sana. Folda ya /tmp ni ya wote, kwa hiyo mwenye akaunti yoyote anaweza kuwahi kuweka hapo kiungo chenye jina hilohilo kinachoelekeza kwenye faili jingine, /etc/passwd, lenye orodha ya watumiaji wa seva. Skripti inaifuta orodha hiyo na kuandika ripoti mahali pake bila kujua. Akikosa leo atajaribu kesho, na programu yake haichoki.

Linux, mfumo unaoendesha seva hizi, ina kinga ya hila hii tangu toleo la 3.6 la mwaka 2012, lakini kwenye seva kuukuu mbili tatu tuliikuta imezimwa. Sasa tunatumia amri ya mktemp, ambayo hulipa faili jina lisilokisiwa na kuliunda papo hapo. Jina likiwa limeshachukuliwa, inakataa kulitumia. Ni kama wale vijana wanaoingilia dirishani: kukiona kiti na kukikalia ni tendo moja. (Hatuwasifu.)

Na kuzima seva? Upenyo wa kuwahiana huwa hata ndani ya kerneli yenyewe, kiini cha Linux. Hitilafu iitwayo Dirty COW, iliyofichuliwa Oktoba 2016, ilikuwamo tangu 2007 na ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika kwenye faili aliloruhusiwa kulisoma tu. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alijaribu kuziba upenyo wa namna hiyo miaka 11 kabla, kiraka kikaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye mashine za s390, kompyuta kubwa za IBM. Kerneli mpya ukiisakinisha bila kuiwasha seva upya, inayofanya kazi bado ni ile ya zamani.

Wenye maduka ya dawa ya saa 24, tuambieni saa inayowafaa. Kazi yenyewe haizidi dakika kumi.