Kisanduku kilichogoma kufunguka

Mbeya, 17 Agosti

Shoga yangu Mwanahamisi,

Barua yako nimeisoma mpaka chai ikapoa. Yaani kile kisanduku cha kadibodi nilichokutengenezea umekifungua kwa kisu cha samaki! Nimecheka, kisha nikaona haya. Kosa ni langu. Huku Agosti ni kiangazi, ngozi zinapauka, na karatasi nayo inakauka kau. Mfuniko niliubana sawasawa, nikaringa. Nikasahau kwamba unakwenda Tanga, kwenye hewa ya bahari. Umekunywa unyevu, ukavimba. Kijacho nitakiachia nafasi zaidi.

Unauliza karatasi ile ya mawimbi ya buluu niliyokibandikia niliinunua wapi. Sikuinunua, niliipika! Unakoroga vijiko vinne vya unga wa ngano katika maji baridi vikombe viwili, ndipo unabandika jikoni, mkono usitulie, mpaka uwe uji mzito. Ukipoa uchuje, utie rangi ya maji. Karatasi unailowesha kwanza, unaitandaza mezani, unaipaka uji huo kwa brashi pana, kisha unapitisha chanuo. Meno yanapopita rangi inasogea, weupe unachungulia. Hukupendezwa? Paka tena juu yake, uanze upya. Hayo mawimbi yako ni chanuo la binti yangu, na hadi leo ananidai. Ikikaukia kambani hujikunja kama jani la mgomba, lakini pasi upande wa nyuma huinyoosha.

Wajua sisi ni Wamoravian. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka kanisa la Herrnhut, Ujerumani. Kumbe huko huko Herrnhut, karne ya 18, akina dada wa jumuiya walikuwa wakitengeneza karatasi za uji namna hii hii, zikatumika kwenye majalada ya vitabu. Nimekua naimba nyimbo za kanisa hilo, na hakuna aliyenitajia karatasi! Imenikera kidogo.

Ukijaribu mwenyewe, usibandike karatasi nje tu ukadhani umemaliza. Gundi ikikauka inavuta, na kadibodi inapinda kama upinde. Bandika na ndani, pande mbili zivutane. Vyangu vitatu vya kwanza vilikuwa vikiyumba mezani, nikavitilia vifungo vya shati.

Na mende, shoga! Uji wa unga kwao ni futari. Uji wa kubandikia mimi huutia matone mawili ya mafuta ya karafuu. Mende siwezi kukuapia, ila ukungu hauoti upesi, na kisanduku kinanukia. Wewe uko jirani na Pemba, hayatakusumbua kupata.

Sasa, hizo hereni za marehemu mama usizirudishe kwenye kile kibovu. Huna rula, najua. Chukua uzi, pima urefu wa hereni moja, ukate. Pima upana, ukate mwingine, huo uufunge fundo nisichanganye. Nyuzi zote mbili zitie kwenye bahasha ya jibu lako.

Wako,
Tusajigwe