Binti anaamshwa saa kumi alfajiri, na mwenyewe hataki niseme

Mshauri, salamu kwako na kwa wasomaji wote.

Mimi ni soja wa usiku hapa Mombasa, nalinda lango la fleti. Binti yangu ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu katika shule ya bweni huko bara. Ni katika wale waliofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya 2023, kwa hiyo katika 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondolewa, hakuna darasa linalowafuata nyuma. Labda ndiyo maana wanakazwa hivi.

Ratiba yao ni hii. Prepu ya usiku, yaani muda wa kujisomea, inaisha saa nne, taa za bweni zinazimwa saa nne na nusu. Kengele inalia saa kumi alfajiri, na ikifika saa kumi na nusu kila mtu awe darasani na kitabu mbele yake. Hapo pana muda wa saa 5 na nusu kitandani, tena ukichukulia kwamba usingizi unakuja taa zikizimwa tu. Wapo wanaoona hata huo ni mwingi. Wanafanya transinaiti, wanakesha wakisoma huku miguu imetumbukizwa kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie. Binti yangu ni mmoja wao, na aliponisimulia alikuwa anajivuna.

Likizo iliyopita, siku za mwanzo, alikuwa akilala mpaka adhuhuri. Anaamka, anakula, anarudi kulala. Mamake akamwita mvivu, nyanyake akataka apelekwe akasomewe. Mimi nilimtetea, maana usingizi ndio elimu niliyo nayo. Katika kazi yetu, soja aliyekosa kulala mchana anaweza kukukodolea macho saa tisa ya usiku na asikuone umepita.

Usiku langoni ni mrefu na simu ndiyo mwenzangu, basi nikaanza kusoma. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Nikajua pia kwamba mtoto akibaleghe, mwili wake hubadilisha majira ya kulala. Kuna homoni iitwayo melatonini, ndiyo inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, na kwa vijana huchelewa kutoka, hata kwa muda wa saa 2 kuliko walipokuwa wadogo. Ndiyo sababu ukimlaza mapema anabaki akigeuka kitandani, na ukimwamsha saa kumi mwili wake bado uko katikati ya usiku. Huko California, tangu Julai 2022, sheria inazikataza shule za sekondari, isipokuwa baadhi ya zile za mashambani, kuanza masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Saa mbili na nusu! Binti yangu wakati huo yuko macho muda wa saa 4 na nusu tayari.

Kaka yangu akanijibu kwamba Marekani ni Marekani. Haya, nikatafuta ya hapa Kenya. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema kwamba katika shule za bweni prepu ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku, na kutoka hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa kulala. Muda wa saa 8 na nusu, umeandikwa na serikali. Hiyo kengele ya saa kumi sijui ilipitishwa na nani.

Sasa shida yangu. Nilipomwambia binti kwamba nitalizungumza shuleni, alikasirika. "Baba, ukisema wewe, nitakayesimamishwa paredi ni mimi." Kwao anayelala ndiye anayefeli, basi. Hesabu yake imeshuka kutoka B+ ya Kidato cha Kwanza hadi C+, na dawa aliyoiona yeye ni kuamka saa tisa badala ya saa kumi. Kaka yangu naye ndiye anayelipa zaidi ya nusu ya karo, na alipita shule kama hiyo. Maneno yake ni yale yale: "Sisi tuliamka hivyo, mbona hatukufa?" Jibu ninalo, lakini mkono wangu ni mtupu na yeye analijua hilo.

Kumhamishia shule ya kutwa nimekufikiria. Tunaishi Likoni, vyumba viwili, na shule ninayoweza kuimudu iko ng'ambo. Na feri asubuhi mnaijua wenyewe.

Mwisho wa mwezi huu kuna mkutano wa wazazi wa Kidato cha Tatu. Nisimame na karatasi ya kanuni mkononi, mbele ya wazazi ambao wengi wao wanaisifu hiyo kengele? Au nimwone mkuu wa shule faraghani? Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo iko huko huko, lakini nikienda, habari zitafika shuleni kabla yangu. Mzazi aliyewahi kulisema jambo hili na mtoto wake asiandamwe, naomba anieleze alianzia wapi.

Pia akija likizo ya Agosti, nimwache alale mpaka ashibe, au kuna saa ya kumwamsha ili mwili usizoee kuchelewa? Hili la mwisho mamake analingojea kuliko yote.

Soja wa usiku,
Likoni