Vyungu vimekwenda wapi?

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Pesa ya umeme imeingia, ahsante. Baba yako mzima, anasumbuliwa na goti tu.

Ulichoandika juu ya yule bibi muimbaji nimekisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Mkono unao. Lakini nilipofika pale uliposema alizaliwa katika familia ya kawaida na alipenda muziki tangu utotoni, niliiweka simu chini nikenda kupalia wali wangu moto. Huyo anaweza kuwa mtu yeyote. Anaweza kuwa mimi, na mimi hata kasida siwezi.

Siti binti Saad, muimbaji wa taarabu, unamjua. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, kwenye miaka ya 1880, na jina alilopewa na wazee wake ni Mtumwa. Hilo la Siti lilimjia baadaye, akishakuwa mtu wa mjini. Litazame vizuri jina lile la kwanza, maana Unguja utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1897. Kwao walikuwa wafinyanzi. Hakutiwa skuli wala chuoni. Vyungu alivibeba kichwani kutoka Fumba mpaka mjini, zaidi ya kilomita 15 kwa miguu, akivinadi kwa kuimba. Mimi nimewahi kubeba mtungi juu ya kata, najua: huinami, hugeuki upesi, shingo imesimama kama mnazi. Kinachobaki huru ni mdomo. Unapoingia mtaani sauti inatangulia, wewe unafuata. Wanaoshangaa kuwa sauti yake ilifika mbali hawajiulizi aliizoezea wapi.

Mjini alihamia 1911. Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu, akamfundisha kuimba na ala, na taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu ikaanza kusema Kiswahili kinywani mwake. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Hayo ya santuri kila mtu anayaandika, wala sina haja ya kukurefushia.

Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti hakuyaficha matusi aliyotukanwa. Watu walimwimbia kuwa amekuwa mtu lini huyu, si juzi tu kaja mjini na kaniki, na lau si sauti angekula nini. Kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa na maskini, na waliomwimbia walijua wanapiga wapi. Siti akawajibu kwa wimbo: uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Sasa niambie, ukiiondoa kaniki kwa kumstahi, lile jibu litasimama juu ya nini?

Nasema hivi kwa sababu nami nilifanya kosa lako. Nilipokuwa redioni, kabla hujazaliwa, nilitumwa kwa mzee mmoja mpiga fidla. Alinikalisha kwenye mkeka, akaniambia mwaka mmoja wa njaa aliiweka fidla rehani kwa muuza duka ili apate unga, na kila jioni akipita pale kuitazama ikining'inia nyuma ya magunia. Akaonyesha kwa mkono urefu wa msumari. Nami niliporudi ofisini niliandika kwamba msanii huyu alipitia vipindi vigumu. Niliona namtunzia heshima. Alipofariki wanawe walikuja kuuliza mkanda, kumbe ulisharekodiwa juu, mashairi ya Idi. Kipindi kile sikumbuki hata sentensi moja. Msumari naukumbuka.

Halafu hiyo miaka 91 uliyompa bibi yako muimbaji umeipata wapi? Kitambulisho? Watu wa rika lake vitambulisho walijaziwa na makarani waliokadiria kwa macho. Bi Kidude, naye muimbaji wa taarabu, alizikwa Aprili 2013, na mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa hakika mpaka leo, na hakupungukiwa kitu. Andika alichokumbuka yeye: mvua gani, njaa gani, nani alikuwa sultani. Hesabu waachie wasomaji.

Rudi kwa yule bibi. Mchukulie tambuu, na usitoe simu mpaka mshanywa chai. Usimuulize alianzaje muziki. Hilo kaulizwa mara mia, jibu lake liko tayari kama kashata sokoni. Muulize nguo ya kwanza ya kuimbia aliazima kwa nani. Watoto alimwachia nani usiku wa kazi, na mume alisema nini. Zile pesa alizotunzwa jukwaani, alfajiri ziligawiwa vipi, na nani alikuwa akizihesabu. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akikwambia jambo kisha akasema hili usiandike, usiliandike, hata kama ndilo tamu kuliko yote. Mimi sikukatazwa, nilijikataza mwenyewe. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Na mpe salamu zangu. Hatanikumbuka, lakini kabla hajahamia huko Dar aliimba kwenye harusi yangu. Alifika saa sita za usiku, bibi harusi nishaanza kusinzia, kanga yake imerowa mpaka magotini na mvua haikunyesha. Hakusema alitoka wapi, na bibi yako alitukataza kuuliza. Wewe muulize.

Mama yako